Kaimu Kiboko wa Ziwa Katanzi

Kulikuwa na nchi moja, na kwa taarifa zilizopo bado ipo, ambayo jina lake halitajwi hapa kwa sababu hata yenyewe haikuwa na uhakika nalo. Jina la zamani lilikuwa limefutwa, na jina jipya lilikuwa bado linajadiliwa na kamati ndogo ya kamati kubwa. Wananchi waliiita "kwetu", na mambo yakaenda.

Nchi hiyo ilikuwa na desturi moja iliyoipenda kuliko wimbo wake wa taifa: nafasi ya kazi haikai wazi. Mtu akistaafu, akifa, akifukuzwa, au akikawia tu msalani, papo hapo huteuliwa kaimu wa kuishika nafasi yake. Palikuwa na Kaimu Mkurugenzi, Kaimu Katibu, na Kaimu wa Kaimu Katibu. Timu ya taifa ilikuwa na Kaimu Golikipa, ambaye kwa kuwa alikuwa hajathibitishwa, hakuruhusiwa kudaka mipira ya juu. Timu ilifungwa sana, lakini hakuna siku ambayo goli lilikuwa halina mtu.

Hatibu Lugome alikuwa Kaimu Afisa Tija wa Wilaya ya Katanzi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila kitu wilayani kinazalisha, na alikuwa amekaimu kwa muda mrefu mpaka mkono wake ulishindwa kutia sahihi bila kutanguliza "Kny." Hata ujumbe wa mapenzi aliomwandikia Zamda aliumaliza hivyo hivyo, na Zamda akamjibu akimuuliza anampenda kwa niaba ya nani.

Zamda alikuwa mbanika samaki kando ya Ziwa Katanzi. Alikuwa na banda lake, chanja zake za kubanikia, na ulimi ambao wachuuzi wa mjini waliuogopa kuliko moshi. Hatibu alimpenda kwa moyo wote na Zamda hakukataa kupendwa. Kikwazo kilikuwa baba mtu, Mzee Mwinyikondo, mkuu wa posta mstaafu, aliyethibitishwa kazini mwaka wake wa kwanza na aliyeendelea kuvaa kofia ya posta hata kwenye arusi, ili watu wasisahau.

Hatibu alipopeleka posa, mzee hakuuliza kabila, dini wala shamba. Aliuliza kama kijana amethibitishwa. Wazee wa Hatibu wakatazamana, mmoja akakohoa, mwingine akasema suala hilo liko mezani.

"Basi simwozi binti yangu kwa kaimu," Mzee Mwinyikondo akasema. "Siku mwenye nafasi akirudi, mwanangu nitamweka wapi?"

Hatibu akarudi nyumbani na azma moja tu maishani: athibitishwe. Kwa vyovyote vile.

*

Bahati ikaja na msafara wa magari. Mheshimiwa Pazi Kilindo, Waziri wa Tija, alikuwa akizunguka nchi nzima kukagua nani anafanya kazi na nani anakula bure. Sifa zake zilikuwa zimemtangulia. Huko milimani aliwahi kuupa mlima onyo la maandishi kwa kusimama muda mrefu pasipo sababu ya msingi, na tangu hapo, alisema mwenyewe, mlima ule haujarudia kosa.

Huko Katanzi alipokelewa kwa hema, ngoma na viti vilivyovalishwa vitambaa kama maharusi. Ilikuwa asubuhi ya saa nne hivi. Mheshimiwa akanywa chai, akatazama ziwa, akaona kitu kisichompendeza. Huko kwenye kina, kulikuwa na masikio. Chini ya masikio kulikuwa na macho yamefumbwa, na mbele ya macho kulikuwa na pua kubwa zinazopumua polepole, pumzi ya mtu asiye na deni la kazi.

Akauliza wale ni akina nani. Hatibu angeweza kusema ni viboko, ni wanyama, mambo yakaisha, chai ikaendelea. Lakini alikuwa na hamu ya kuonekana makini. Akasema ni wakazi wa ziwa wa siku nyingi, wanaishi kwenye eneo la serikali.

"Wanafanya kazi gani?"

"Saa za kazi, Mheshimiwa, huwa wamelala."

"Na usiku?"

"Usiku ofisi imefungwa, Mheshimiwa. Hatuna taarifa."

Na hilo lilikuwa kweli tupu. Ofisi ikishafungwa, viboko wa Katanzi walikuwa wakitoka majini na kula majani usiku kucha, mpaka ufuko unabaki umenyolewa kama kichwa cha mwanafunzi. Alfajiri wakirudi ziwani, walipita katikati ya mafunjo, yale matete marefu yenye vichwa vya manyoya, na kwa uzito wao wakafungua njia ambamo maji yaliingia na kutoka. Wakishafika ndani walitoa walichokula, wakakitawanya kwa mkia huku na huko bila kukata utepe. Vijidudu vikala, dagaa wakala vijidudu, sato wakala vyote viwili, Zamda akawabanika sato, na Mzee Mwinyikondo akawala na kusifu serikali. Lakini yote hayo yalifanyika nje ya saa za kazi, na hakuna kiboko aliyewahi kutia sahihi kuwa amefika. Kwa hiyo kisheria hayakuwahi kutokea.

Mheshimiwa akaweka kikombe chini. Akatangaza mbele ya hema nzima kwamba afisa atakayeondoa uzembe huu Katanzi atathibitishwa kazini. Hatibu akasikia moyo wake ukigonga kama mhuri.

Jioni akamweleza Zamda. Zamda hakuacha kugeuza samaki wake. Akamwambia yeye hajasoma mambo ya viboko, ila tangu azaliwe ameona viboko na samaki wapo pamoja, na kitu ambacho hukukipanga wewe usikipangue kwa sababu ya kupanda cheo. Hatibu akamjibu kuwa ni kwa ajili yao wawili. Zamda akasema hapo ndipo alipozidi kuogopa.

*

Kwa kuwa ilikuwa nchi ya haki, viboko hawakufukuzwa hivi hivi. Waliitwa mbele ya baraza la nidhamu.

Baraza lilikaa ufukweni, meza ikafunikwa kitambaa cha kijani, na mashtaka yakasomwa kwa kipaza sauti: kulala saa za kazi, kutovaa sare, na kushindwa kueleza mchango wao katika pato la taifa. Waliitwa kujitetea. Kwa niaba ya wenzake alijitokeza jike mmoja mkubwa ambaye watu wa Katanzi walimwita Shangazi, kwa sababu alikuwa na tabia ya kukutazama kama vile amesikia ulichofanya.

Shangazi akapanda mpaka maji yakamfika magotini. Akalitazama baraza. Kisha akapiga mwayo, mpana, wa taratibu, wenye meno ya urefu wa mkono wa mtoto. Anayewajua viboko anajua ule si usingizi, ni onyo. Baraza halikuwajua viboko, lakini kwa namna fulani lilielewa. Kikao kiliahirishwa kwa dharura na kuendelea juu ya paa la gari la mwenyekiti, ambako ilirekodiwa kuwa mshtakiwa ameonyesha dharau kwa kupiga miayo mbele ya chombo halali.

Hatibu ndiye aliyeandika maoni ya kitaalamu. Aliandika kuwa tangu aanze kazi hajawahi kumwona kiboko akifanya lolote. Akatia sahihi, akasahau hata kuweka "Kny."

Viboko wakahamishiwa mji mkuu, kwenye Bwawa la Tafakuri nyuma ya jengo la Baraza la Mawaziri, wakawe chini ya uangalizi wa karibu. Ni bwawa zuri, lenye kingo za marumaru, ambamo mawaziri walikuwa wakitupia mkate samaki wa rangi ya dhahabu wakati wa kufikiria. Malori yaliondoka na ngoma zikapigwa, na kutoka ndani ya lori la mwisho Shangazi akamtazama Hatibu mpaka kona ikawatenganisha.

*

Kesho yake asubuhi makao makuu wakagundua tatizo. Viboko wameondoka. Basi nafasi za viboko ziko wazi.

Nchi ikatetemeka kidogo. Kabla ya chakula cha mchana waraka ulikuwa umetoka: wateuliwe makaimu. Na kwa kuwa Hatibu ndiye aliyeijua ofisi ile kwa karibu, aliteuliwa yeye kuwa Kaimu Kiboko Mkuu wa Ziwa Katanzi. Nafasi yake ya zamani akapewa kaimu mwingine siku hiyo hiyo, kijana mwenye njaa ya maendeleo aliyemwomba Hatibu aondoe haraka picha ya mchumba wake mezani.

Walio chini yake walipatikana kwa usaili. Waliulizwa kama wana uzoefu wa kukaa majini, kama wanaweza kufanya kazi chini ya shinikizo, na wanajiona wapi baada ya miaka mitano. Mmoja alijibu anajiona bado majini, akachukuliwa kwanza. Walipewa ovaroli za kijivu na beji yenye picha ya Shangazi akiwa amefunga mdomo.

Habari zilipomfikia Mzee Mwinyikondo, alivua kofia ya posta na kuifuta vumbi kwa muda mrefu. Akasema basi: kaimu tena, na safari hii wa mnyama.

Majukumu ya kazi yaliandikwa wizarani kwa kufuata kile ambacho Mheshimiwa alikiona kwa macho yake mwenyewe. Kwa hiyo kila asubuhi Hatibu na wenzake walitia sahihi, wakaingia ziwani mpaka shingoni, wakaacha nje pua na masikio, wakafumba macho. Mchana walitoka kula wali na maharage. Saa tisa na nusu walikauka na kwenda nyumbani. Kwa upande wa mahudhurio, Katanzi ikawa ya kwanza nchi nzima. Ujumbe kutoka wilaya nyingine ulikuja kujifunza.

Ni ziwa tu ambalo halikuelewa. Majani ya ufukweni, yaliyozoea kunyolewa kila usiku, yakaona hakuna anayekuja, yakarefuka mpaka kiuno, mpaka kifua, mpaka yakamfunika mwalimu mkuu akipita na baiskeli. Mafunjo yakafunga njia moja, kisha nyingine, kwa upole, kama mtu anayefunga milango ya nyumba kabla ya safari. Maji yakasimama. Yakawa ya kijani, kisha ya rangi ambayo watu wa Katanzi hawakuwa na jina lake. Mbu wakaja, na hao hawakuhitaji usaili. Sato wakapungua, wakakonda, wakatoweka.

Wizara haikulala. Kwanza ilifikiria kuteua Makaimu Sato, lakini waombaji walirudisha fomu baada ya kusoma kifungu cha mwisho cha majukumu, kile kinachohusu chanja. Ndipo mtaalamu mmoja akagundua, katika maktaba, kwamba viboko walikuwa wakitoa samadi. Serikali ikafurahi, maana samadi ni kitu kinachoweza kununuliwa. Yakaja malori ya samadi ya ng'ombe, hotuba ikasomwa, utepe ukakatwa, na mzigo wote ukamwagwa mahali pamoja kwa mkupuo mmoja huku wapiga picha wakiombwa wasogee mbele.

Maji yakawa meusi. Baada ya siku chache samaki wachache waliosalia wakaelea, matumbo juu, wakitafuta pumzi ambayo haikuwemo tena. Redioni Mheshimiwa Kilindo akatangaza kwamba samaki wa Katanzi wamejitokeza kwa wingi juu ya maji kuunga mkono juhudi za serikali.

*

Hatibu alikuwa majini, kazini, macho yamefumbwa, aliposikia sauti ya Zamda ufukweni. Akafumbua jicho moja, kama kanuni zilivyoruhusu.

Zamda alikuwa amebeba chanja zake, zimefungwa kamba. Alisema anahamia kwa mama yake mdogo, nyanda za juu, wanakokaanga mandazi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Hatibu. Alimzoea Zamda mwenye maneno, na huyu alizungumza kama mtu anayeaga majirani.

Hatibu akamwomba asubiri. Akamweleza kuwa taarifa zake ni nzuri, kwamba wizarani wanamsifu, kwamba uthibitisho uko njiani na safari hii si maneno.

"Uthibitishwe uwe nini, Hatibu?"

"Kiboko."

"Umeshawahi kumwona kiboko?"

"Mimi ndiye Kaimu Kiboko Mkuu."

"Wewe umemwona akiwa amelala," Zamda akasema. "Mimi nafika hapa kuwasha moto kabla jua halijatoka. Nimewaona wakirudi. Wamechoka, miguu imejaa matope, wamepita humo kwenye mafunjo mpaka njia imekuwa barabara. Kiboko anatembea, mume wangu mtarajiwa. Wewe unalala."

Akampa wiki mbili, kwa sababu mama yake mdogo naye hakuwa na haraka ya kugawana jiko, akarudi nyumbani na chanja zake kichwani.

Kesho yake Kaimu Kiboko Mkuu akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye majukumu yake. Aliwaamuru walio chini yake wasimame. Mmoja akauliza kama hiyo si kinyume cha utaratibu, na Hatibu akakiri kuwa ni kinyume kabisa. Wakasimama, wakashika mapanga na fyekeo, wakaanza kutembea kwenye mafunjo.

Hapo ndipo walipoelewa walikuwa wakimkaimu nani. Watu wazima kumi na zaidi, kwa siku nzima, walifungua njia ya upana wa mlango, na asubuhi mafunjo yalikuwa yamerudi nusu yake yakiwatazama. Walifyeka majani ufukweni, wakageuka, majani yakawa yameota nyuma yao. Kuhusu kuyala, suala lilijadiliwa na kuahirishwa. Kuhusu yale mengine ambayo viboko walifanya kwa mkia, suala halikujadiliwa kabisa. Lakini mwisho wa wiki ya pili maji kidogo yalipita mlangoni, yenye ubaridi, na kwenye ubaridi ule Hatibu akahisi kitu kinamgusa kifundo cha mguu. Alikuwa kambale mdogo, mbaya wa sura, amepotea njia. Hatibu alisimama kimya asimtishe, akiwa na panga mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alikuwa amezalisha kitu.

Alimpelekea Zamda habari ya kambale. Zamda akauliza ana urefu gani. Hatibu akaonyesha kwa vidole viwili. Zamda akatazama vile vidole kwa muda, kisha akafungua kamba ya chanja moja.

*

Mji mkuu nako hakukuwa shwari. Kinyesi kile kile kilicholisha ziwa zima kilikuwa sasa kinaingia kwenye kibwawa cha marumaru kisicho na pa kutokea. Maji yakawa mazito kama uji, samaki wa dhahabu wakafa na kufanyiwa maziko ya heshima, na viboko, kwa kukosa majani, wakala kwanza nyasi za uwanja wa gwaride, kisha maua ya mapokezi, kisha bendera ya karatasi. Harufu ikapanda ngazi ikaingia ukumbini. Mawaziri wakawa wanajadili bajeti wameziba pua, na miswada iliyokuwa ikichukua miezi ikawa inapita kwa dakika chache, watu watoke nje.

Kila mtu alijua dawa ni kuwarudisha. Lakini nchi ile haikuwahi kukosea tangu ipate uhuru, na kwa hiyo hapakuwa na utaratibu wa kurekebisha kosa. Mheshimiwa Kilindo alikonda. Ofisi yake ndiyo iliyokuwa na dirisha upande wa bwawa.

Akaamua kwenda Katanzi, kwa sababu mbili. Ya kwanza, kule mahudhurio yalikuwa bora nchi nzima na ilifaa kumthibitisha Kaimu Kiboko Mkuu hadharani. Ya pili, alitaka kuvuta hewa.

Siku ya sherehe Mzee Mwinyikondo alikuja mapema, kofia imepigwa brashi, amefuatana na ndugu zake wawili na mkoba wa kahawa ya kujibia posa. Alikuwa ameshasema wazi: kijana akithibitishwa leo, posa inajibiwa leo, hapa hapa, chini ya hema ya serikali. Kiboko au si kiboko, cheo kamili ni cheo kamili. Zamda alikaa nyuma ya baba yake. Chanja yake moja ilisimama bandani, tupu.

Hatibu akaitwa mbele. Ovaroli yake ilikuwa imepigwa pasi. Mheshimiwa akasoma hotuba ndefu kuhusu kijana huyu aliyetoka chini, na kwa kweli akakaa chini, majini, mpaka akapanda. Akafika kwenye kipengele cha mwisho, ambacho husomwa haraka haraka katika kila uthibitisho wa nchi ile na hakijawahi kujibiwa na mtu: kama yuko yeyote mwenye sifa zaidi kwa nafasi hii, atajwe sasa.

Mheshimiwa alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua beji ya dhahabu. Hatibu akatazama ile beji. Akatazama kofia ya Mzee Mwinyikondo, ambayo ilikuwa inaanza kutikisika kukubali. Kisha akamtazama Zamda, na Zamda hakumpa ishara yoyote. Alimwachia mwenyewe.

"Yuko," Hatibu akasema.

Mheshimiwa akauliza ni nani huyo.

"Yuko kwenu, Mheshimiwa. Nyuma ya ofisi yako. Mimi niliandika kwamba hafanyi kazi. Niliandika hivyo kwa sababu anapoanza kazi mimi nimeshalala."

Akaeleza yote, kwa sauti ya kawaida: majani, njia, samadi inayotawanywa kidogo kidogo na si kwa lori, kambale wa vidole viwili. Akasema yeye na wenzake wamejaribu kuwa viboko kwa nguvu zao zote na hawafikii hata mguu mmoja wa nyuma wa Shangazi.

Watu walingoja Mheshimiwa akasirike. Lakini usoni mwa Mheshimiwa Kilindo palitokea kitu kingine, kama cha mtu aliyefunguliwa dirisha. Alimwita mwanasheria wake pembeni. Walinong'ona. Aliporudi, alikuwa ameshapata umbo lake la hotuba.

Akalieleza taifa, kupitia kipaza sauti, kwamba upotoshaji umekuwa mwingi. Viboko wa Katanzi hawakuwahi kufukuzwa. Walikuwa masomoni. Walipelekwa mji mkuu kwa mafunzo ya muda mrefu kuhusu utawala, wameyamaliza kwa ufaulu, na watarejea kwenye vituo vyao vya kazi mara tu malori yatakapopatikana. Malori, ikadhihirika, yalikuwa yameshawashwa.

Na kwa kuwa wenye nafasi wanarudi, makaimu wote wanashukuriwa na kuvuliwa beji. Nafasi ya Afisa Tija nayo ilikuwa na mtu. Hatibu alishuka jukwaani akiwa hana hata pa kuandika "Kny."

Mzee Mwinyikondo akasimama, akachukua mkoba wake wa kahawa ambao ulikuwa haujafunguliwa, akaondoka na ndugu zake bila kumuaga mtu.

*

Shangazi alirudi na wenzake jioni ya kiangazi. Waliposhushwa hawakusubiri hotuba. Walipita kwenye mafunjo kama mtu anayepita kwenye pazia la nyumba yake, na sauti ya kuvunjika kwa matete ikasikika mpaka sokoni.

Ziwa halikupona kesho yake, kama redio ilivyotangaza. Lilijivuta. Kwanza majani yakashuka mpaka magotini. Kisha maji yakapata mahali pa kupita, yakaanza kupungua ukijani, mbu wakaanza kulalamika. Kambale wakaja, wenye sura zao. Sato wakachelewa sana, na walipokuja walikuwa wadogo, na Zamda akawa anagombana na wavuvi warudishe wale wa ukubwa wa kiganja, wakue. Wengi walimsikia, kwa sababu alikuwa amesimama karibu.

Hatibu alikuwa naye kila siku. Alipasua samaki, akachota maji, akakata kuni kutoka miti iliyoanguka yenyewe, akauchunga moshi usizidi. Mwanzoni aliunguza wengi, na Zamda akawa anawauliza wateja kama wangependa kununua mkaa wenye mifupa. Baadaye akaacha kuunguza. Hakuna aliyemteua na hakuna aliyeuliza anashika nafasi ya nani.

Msimu wa sato wakubwa ulipofika, Mzee Mwinyikondo naye akafika. Alisema alikuwa anapita tu. Nyumba yake ilikuwa upande mwingine kabisa. Akakaa kwenye benchi, kofia kichwani, akapewa samaki juu ya jani la mgomba, akala mpaka akabakiza uti.

"Nani kabanika huyu?" akauliza.

Zamda akaelekeza kwa kisu. Mzee akamtazama Hatibu, aliyekuwa na magamba mpaka kwenye nyusi.

"Una cheo gani siku hizi?"

"Sina, mzee."

"Hata kukaimu?"

"Hata kukaimu."

Mzee akafikiri. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni huchukua muda. Zamda aliendelea kugeuza samaki, lakini polepole, asipitwe na neno.

"Mimi niliapa simwozi kaimu," Mzee Mwinyikondo akasema hatimaye. "Asiye na cheo kabisa sikumtaja popote."

Akanawa mikono, akafuta vidole kimoja kimoja. Huko majini masikio yalikuwa yameanza kusogea kuelekea ufukweni, maana jua lilikuwa linashuka. Mzee akayatazama, akaokota mkoba wake, na kwa mara ya kwanza akaonekana kama mtu anayetaka kuwahi kumpisha mtu.

"Waambie wazee wako waje wiki ijayo," akamwambia Hatibu. "Lakini waje mchana. Usiku njia hii ina wenyewe, wako kazini."